Intaneti Ndani ya Meli ya Kitalii: Somo kwa Vijana Wanaotafuta Kazi za Baharini na Familia Zao

Ukipanda matatu hapa Kombani kwenda Likoni, ukivuka feri na kuingia Mombasa, unafika mji wenye gati la meli za kitalii katika Bandari ya Mombasa. Meli hizi ni hoteli zinazoelea. Zina vyumba, mikahawa, maduka, majukwaa ya muziki, na ndani yake wanafanya kazi watu kutoka kila pembe ya dunia. Wapo pia Wakenya, na baadhi yao walianzia kazi katika hoteli za Pwani. Aliyejifunza kutandika kitanda, kuhudumia meza au kupika katika hoteli ya Diani ana ujuzi unaohitajika baharini.

Hata hivyo, kazi ya meli siku hizi huanza na kumalizika kwenye kompyuta. Unaomba kazi mtandaoni, unahojiwa kwa simu ya video, na ukishapanda unajifunza usalama kwenye skrini na kuzungumza na nyumbani kwa intaneti ya setilaiti. Asiyeelewa mambo haya anaweza kulaghaiwa kabla hajaiona meli, au kuiona sehemu ya mshahara ikiishia kwenye bando. Somo hili linaeleza hatua kwa hatua. Lisome wewe kijana, kisha umsomee mzazi wako, kwa sababu sehemu ya mwisho ni yake.

1. Intaneti inafikaje katikati ya bahari?

Intaneti tunayotumia hapa Kwale huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka ufukweni, mawasiliano hupita kwenye nyaya za nchi kavu hadi kwenye minara ya simu, na mnara ndio unaozungumza na simu yako.

Meli haiwezi kuburura waya. Ikishaondoka bandarini na kuuacha mnara wa mwisho nyuma, inategemea setilaiti. Juu ya meli utaona maumbo meupe kama mipira mikubwa au sahani bapa. Hizo ni antena zinazotazama angani.

Kwa miaka mingi meli zilitumia setilaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Tupige hesabu. Ujumbe wako hupanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000, jumla kilomita 72,000. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo huchukua karibu robo ya sekunde. Jibu nalo lina safari kama hiyo ya kurudi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walizoea kusema neno, kungoja, kisha kusikia jibu huku wote wawili wamekwishaanza kuzungumza tena.

Siku hizi meli nyingi hutumia setilaiti za karibu. Zile za Starlink huzunguka dunia zikiwa kwenye kimo cha mamia machache tu ya kilomita, na kwa hivyo mawasiliano huenda kwa kasi zaidi. Kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza mwezi Agosti 2022 kwamba ingefunga huduma hiyo katika meli zake zote, na kampuni nyingine kubwa zikafuata.

Kumbuka jambo moja: wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Meli moja hubeba maelfu ya abiria na mamia ya wafanyakazi, na wote hugawana antena zilezile. Usiku ambapo abiria wote wako vyumbani wakitazama filamu, mtandao hulemewa hata kama setilaiti ni mpya. Mvua kubwa nayo huupunguza nguvu. Kukatika kwa simu si lazima kuwe ni kosa la aliye nyumbani wala la aliye melini.

2. Simu yako siku ya kwanza melini

Ndani ya meli kuna njia mbili za simu yako kupata mawasiliano, na lazima uzitofautishe.

Njia ya kwanza ni waifai ya meli. Unanunua bando la wafanyakazi au unapewa kiasi fulani na kampuni, unaingiza jina na neno la siri, kisha unatumia. Gharama unaijua mapema.

Njia ya pili ni mnara mdogo wa simu uliofungwa ndani ya meli. Huu huwashwa meli inapokuwa mbali na nchi kavu. Simu yako ikiwa wazi, itajiunga nao yenyewe, kama inavyojiunga na mtandao wa jirani ukikaribia mpaka wa Lunga Lunga. Tofauti ni kwamba bei ya mnara wa meli ni kubwa mno, na hesabu inaweza kuanza hata kama hujapiga simu, kwa kuwa programu za simu hutafuta data zenyewe.

Kinga yake ni rahisi. Kabla meli haijang'oa nanga, washa alama ya ndege kwenye simu yako. Mawasiliano yote yatazimika. Kisha washa waifai peke yake. Ukifika bandarini na kununua laini ya nchi hiyo, unaweza kuondoa alama ya ndege.

Fanya haya pia ukiwa bado nyumbani:

Kwanza, ulinde usajili wako wa WhatsApp. Programu hiyo itafanya kazi kwa waifai hata kama laini yako ya Kenya haina mtandao. Lakini ukibadilisha simu au kuifuta programu, utaombwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo hautakufikia baharini. Weka pia namba ya siri ya hatua ya pili kabla hujaondoka.

Pili, zungumza na benki yako. Benki nyingi hutuma msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe mfupi kila unapotaka kutoa pesa. Ukiwa na alama ya ndege, msimbo haufiki. Uliza kama kuna njia nyingine ya kuthibitisha, na ujaribu ukiwa bado nchi kavu.

Tatu, linda laini yako. Mkataba wa meli ya kitalii mara nyingi ni wa miezi sita hadi tisa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Fikiria namba iliyounganishwa na M-Pesa na benki yako ikiwa mikononi mwa mgeni! Uliza kampuni yako ya simu muda wa mwisho ni siku ngapi, kisha panga utakavyoitumia laini hiyo kila unapofika bandarini.

3. Kulifanya bando dogo lidumu

Bando la melini ni kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Hulichoti ovyo. Hatua hizi zitakusaidia:

Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kwenye WhatsApp. Kundi moja la harusi au la kijiji linaweza kumaliza bando lako la wiki kwa asubuhi moja.

Zima masasisho ya programu na uhifadhi wa picha mtandaoni. Fanya kazi hizo bandarini penye waifai ya bure.

Tumia ujumbe wa sauti badala ya simu ya video. Ujumbe wa sauti hutumia data kidogo, na ukikwama njiani hutumwa wenyewe mtandao unaporudi.

Zima video zinazojicheza zenyewe katika mitandao ya kijamii.

Pakua nyimbo, mawaidha na vitabu unavyovipenda kabla ya kupanda.

Ondoka kwenye akaunti ya waifai ukimaliza. Katika meli zinazouza intaneti kwa dakika, kufunga skrini hakusimamishi hesabu. Ni lazima ubonyeze kitufe cha kuondoka.

Weka kikomo cha matumizi. Tuseme umeamua kutumia dola 30 kwa mwezi. Mkataba wa miezi tisa utakugharimu dola 270. Ukijisahau na kutumia dola 90 kwa mwezi, utakuwa umetumia dola 810. Tofauti ya dola 540 ni karo, ni mabati, ni mtaji wa duka. Andika kiwango chako kabla hujasafiri.

4. Kompyuta za melini: kazi na usalama

Meli nyingi zina chumba chenye kompyuta za wafanyakazi. Utazihitaji kwa mafunzo ya usalama, kusoma ratiba ya zamu, kuangalia malipo na kujaza fomu. Mhudumu wa mkahawa huandika oda kwenye skrini. Msafishaji wa vyumba huarifiwa kwa kifaa cha mkononi chumba gani kiko tayari. Kwa hiyo usiseme, "Mimi ni mpishi, kompyuta ya nini?" Jifunze angalau mambo manne: kuchapa bila kutafuta kila herufi, kutuma barua pepe yenye kiambatisho, kujaza fomu mtandaoni, na kuhifadhi faili mahali utakapolipata tena.

Kompyuta ya pamoja ni kama kata ya kisimani, kila mtu huishika. Usihifadhi neno lako la siri ndani yake. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti yako, funga ukurasa, kisha hakikisha picha ya pasipoti uliyoipakua umeifuta. Epuka kufungua akaunti ya benki hapo. Tumia simu yako.

Chunga pia unachopakia mtandaoni. Kampuni nyingi zinakataza wafanyakazi kupiga picha abiria, sehemu za ndani za meli au tukio la dharura. Video ya nusu dakika inaweza kukukatizia mkataba.

5. Mawasiliano ni haki ya baharia

Mwaka 2014 Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaofahamika kama MLC. Mkataba huu humlinda baharia kuhusu mshahara, mapumziko, chakula, matibabu na kurejeshwa nyumbani. Unasema, kwa mfano, kwamba baharia asipumzike chini ya saa 10 katika kila saa 24, wala chini ya saa 77 kwa wiki.

Tangu tarehe 23 Desemba 2024, marekebisho mapya ya mkataba huo yanamtaka mwenye meli awapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo, yawe ya kiasi. Jambo hili lilipata uzito baada ya janga la korona. Mwaka 2020 mabaharia wengi walikwama melini kwa miezi kadhaa baada ya mikataba yao kuisha, na simu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuwaona watoto wao.

Kwa hiyo unapohojiwa, usione haya kuuliza: wafanyakazi hupata intaneti kwa bei gani, na kuna kiasi gani cha bure? Hilo ni swali la kawaida na wala si utovu wa adabu.

6. Kabla ya kupanda: mtandao wa kweli na mtego

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Matangazo ya kazi za meli yamejaa Facebook, WhatsApp na Telegram. Mengine ni ya kweli, mengine ni ndoano.

Njia ya kweli ina hatua zinazojulikana. Pasipoti na cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen. Mafunzo ya msingi ya usalama wa baharini hutolewa na vyuo vilivyoidhinishwa na mamlaka ya serikali ya masuala ya baharini (KMA), kikiwemo Bandari Maritime Academy cha Mombasa. Mafunzo hayo yanahusu kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Kisha kuna cheti cha afya cha baharia, kitabu cha baharia, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwenye kompyuta. Meli ikipitia bandari za Marekani, utahitaji viza ya mabaharia iitwayo C1/D, ambayo fomu yake pia hujazwa mtandaoni.

Sasa shika kanuni hii: chini ya MLC, baharia halipishwi ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anayoweza kuachiwa ni ya cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti au hati kama hizo za safari. Viza ni ya mwenye meli. Mtu akikuomba pesa "za kushika nafasi" au "za kuharakisha faili", jua kwamba kanuni imevunjwa, hata kama amevaa tai na ana ofisi yenye kiyoyozi.

Kabla ya kutuma chochote, fanya ukaguzi huu:

Anwani ya barua pepe. Kampuni kubwa huandika kwa anwani yenye jina la kampuni. Barua ya kazi inayotoka kwenye anwani ya bure ya mtu binafsi ni ya kutiliwa shaka.

Tovuti. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi. Matapeli huongeza herufi moja au kistari. Andika mwenyewe anwani ya kampuni, usibonyeze kiungo ulichotumiwa.

Leseni ya wakala. Mawakala wa mabaharia husajiliwa na KMA. Mawakala wa ajira nyingine za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), ambayo orodha yake iko mtandaoni. Uliza KMA moja kwa moja, ofisi zake kuu ziko Mombasa.

Mahojiano. Kazi ya kweli haitolewi kwa ujumbe wa WhatsApp peke yake. Utahojiwa, uso kwa uso au kwa video.

Mkataba. Lazima upewe mkataba wa maandishi wenye jina la mwajiri, cheo, mshahara na muda, nawe uwe na nafasi ya kuusoma na kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Nchi unayopelekwa. Wapo Wakenya walioahidiwa kazi nzuri za kompyuta Thailand, wakajikuta Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Tiketi ikibadilika ghafla, simama.

Mnazi hukua kwa miaka na kuuzwa kwa siku moja. Usiuze shamba la familia kwa sababu ya picha ya meli kwenye simu. Ukitapeliwa, usifute mazungumzo. Hifadhi jumbe, namba na risiti za M-Pesa, kisha piga ripoti polisi mapema. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inahusu pia ulaghai wa mtandaoni.

7. Kwa mzazi na familia iliyobaki

Mzazi, mtoto wako akienda baharini, usiachwe na neno "nitapiga" peke yake. Daftari la nyumbani liwe na jina la meli, jina la kampuni, jina na simu ya wakala, nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba na namba ya dharura ya kampuni. Siku ya msiba au ugonjwa, kampuni inaweza kumfikia baharia hata kama bando lake limeisha.

Jifunze saa. Meli ikiwa Miami wakati wa baridi, Kombani iko mbele kwa saa nane. Ukipiga saa sita mchana, kwake ni saa kumi alfajiri na huenda amelala saa mbili tu baada ya zamu. Lakini akimaliza kazi saa nne usiku, hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanajiandaa kwenda shule. Hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuzungumza. Majira ya joto ya huko tofauti huwa saa saba. Meli nayo hubadilisha saa kila inapovuka mpaka wa majira, hivyo ulizaneni kila wiki.

Ukimya wa siku mbili tatu si tanzia. Meli inavuka bahari kuu, mtandao umelemewa, au zamu ni nzito. Kama unataka kutuliza moyo, andika jina la meli kwenye tovuti ya MarineTraffic. Sheria za kimataifa zinataka meli za abiria ziwe na chombo kinachotangaza zilipo. Huduma ya bure huonyesha hasa meli zilizo karibu na nchi kavu, kwa hiyo meli ikipotea kwenye ramani katikati ya bahari haina maana kwamba imezama.

Mwisho, wekeni neno la familia. Ukipokea ujumbe kutoka namba ngeni, "Mama, simu imeanguka majini, tuma elfu ishirini haraka," uliza neno hilo. Asiyelijua si mwanao. Na kuhusu pesa za kweli, MLC inamruhusu baharia kuagiza sehemu ya mshahara wake itumwe kwa familia kila mwezi. Apange jambo hilo wakati wa kutia sahihi mkataba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uwashe alama ya ndege kabla meli haijaondoka, ilhali utatumia waifai?
2. Wakala anataka shilingi 80,000 za viza na "kushika nafasi". Utamjibu nini?
3. Umebadilisha simu ukiwa katikati ya bahari na WhatsApp inaomba msimbo. Tatizo ni nini, na ungelizuiaje?
4. Ni saa ngapi Kombani wakati ni saa nne usiku Miami, mwezi Januari?

Majibu

1. Ili simu isijiunge na mnara wa meli, ambao bei yake ni kubwa.
2. Kwamba baharia halipi ada ya kutafutiwa kazi wala viza. Kisha utauliza KMA kama wakala huyo ana leseni.
3. Msimbo huja kwa ujumbe mfupi, nao haufiki bila mtandao wa laini. Ungebadilisha simu ukiwa nyumbani.
4. Saa kumi na mbili asubuhi, siku inayofuata.

Ukipata majibu yote manne, msaidie mwenzako aliyekosa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunawatakia vijana wetu safari za heri, na tunataka kila anayeondoka Kwale arudi salama, akiwa na akiba yake mkononi.